Kengele ya Mia na Ishirini

Mama aliipiga marufuku ndege ya Azzan
kabla hajaiona.
"Kidude cha viti viwili, kama kibiriti.
Kinaning'inia wapi huko juu? Kwa uzi gani?"
Mama huyu huyu
ambaye kila kharifu alitupakia watoto saba
nyuma ya landkruza, bila mkanda hata mmoja,
Nizwa mpaka Salala, karibu kilomita mia tisa,
birika la chai ya maziwa kati ya mapaja ya Baba,
sisi tukihesabu ngamia wa Haima
wanaovuka lami bila kutazama.

Mimi nafanya zamu ya usiku, wodi ya dharura.
Barabara sihitaji kusimuliwa.
Naijua kwa mkasi:
nakata kanzu iliyokuwa nyeupe saa ya magharibi,
natoa chembe za kioo kwenye nyusi,
navua saa ya mkono ambayo bado inatembea.
Simu inaita mfukoni. Imeandikwa *Nyumbani*.
Miaka kumi na moja,
hawajaniletea rubani hata mmoja.

Basi nikadhani nimepata hoja,
nikampelekea Azzan kama zawadi:
"Ndege ni salama kuliko gari. Mwambie Mama."
Akacheka, akanirudishia zawadi yangu.
"Hiyo ni ndege kubwa, Zuwena, yenye marubani wawili
na mafundi wanaokesha.
Hii yangu ni pikipiki iliyoota mbawa.
Saa kwa saa, gari la Mama linanishinda.
Huwaoni marubani wodini kwa kuwa sisi ni wachache,
na kwa kuwa," hapa akashusha sauti,
"anayeanguka kule haji kwako.
Anapita moja kwa moja."

Na nini kinachoua?
"Mara nyingi ni mwenye ndege.
Mafuta aliyoyakadiria kwa jicho.
Ukungu aliodhani utampisha.
Harusi anayoiwahi."
Barabarani, alisema, unaweza kushika kila sheria
ukafa kwa kosa la mtu usiyemjua jina.
Kule juu kosa ni lako.
Hilo ndilo linalompa usingizi.
Mimi ndilo lingeninyima.

Ijumaa ile nilimdanganya Mama, nikaenda naye
kwenye kiwanja kidogo nje ya Adam.
Aliizunguka ndege kama mnunuzi wa mbuzi soko la Nizwa,
akipapasa tumbo, akitikisa mkia,
akichungulia mdomoni.
Alikinga mafuta kwenye bilauri, akaiinua juani
kutafuta tone la maji.
Alisoma orodha kwa sauti, mstari kwa mstari,
mtu ambaye akitumwa dukani husahau chumvi.
Kisha akatazama kusini.
Upeo ulikuwa umepauka, rangi ya unga wa dengu.
"Vumbi," alisema. Akafunga mlango.

Nilikuwa nimevaa viatu vipya.
"Labda litapita?"
"Labda," alisema,
na neno hilo hilo ndilo lililotubakiza chini.

Tukarudi kwa gari.
Dakika ya nne kengele ikaanza:
ting, ting, ting, mia na ishirini,
kengele ambayo nchi nzima tumejifunza kutoisikia
kama jogoo wa jirani.
Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unatafuta chaja.
Mkanda ameufunga nyuma ya mgongo
ili gari linyamaze.
Mtu yule yule. Macho yale yale
yaliyosaka tone la maji kwenye bilauri.

"Azzan," nikasema, "vumbi."
"Wapi?"
Sikujibu. Nilikuwa naufikiria mkasi wangu
msumarini, wodini, chini ya saa ya ukuta.
Akanitazama muda mrefu kuliko inavyomfaa dereva.

Kisha kengele ikakatika,
na kwa mara ya kwanza nikasikia matairi
yakisemezana na lami,
karibu sana, chini kidogo tu ya viatu vyangu vipya.